Kununua shamba la kando ya Ruvu kwa ajili ya ndege: mwongozo wa kulikagua kabla hujalipa

Mashamba ya bonde la Ruvu, kuanzia upande wa Mlandizi hadi mto unapomwaga maji baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, huuzwa kwa hesabu ya mpunga na mboga. Mnunuzi wa kawaida anauliza kama gari linafika, kama nyumba inajengeka, kama pampu itavuta maji mwaka mzima. Wewe unayetaka kuliacha shamba liwe makazi ya ndege una maswali mengine kabisa, na mara nyingi lile linalomfukuza mwenzako ndilo unalolitafuta. Shamba linalozama kila masika kwake ni balaa. Kwako huenda ndiyo sababu ya kulinunua.

Ila kuzama peke yake hakutoshi. Nimeona watu wakivutiwa na yangeyange mia wanaotua jioni juu ya mti mmoja, wakalipa, halafu mwaka wa pili mti haupo na maji yamegeuka chumvi. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye mambo mawili, maji na majirani. Mengine tutayapitia, lakini hayo mawili yakiharibika hakuna hati itakayowarudisha ndege.

Hatua ya kwanza: jua kipi kinauzika

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachouziwa ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinaigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Kabla ya kuuliza bei, uliza shamba liko kundi gani, maana utaratibu wote unategemea jibu hilo. Kwenye ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia, na muuzaji hawezi kukupa haki ambayo kijiji hakijairidhia. Kwenye ardhi ya jumla iliyopimwa, kazi yako kubwa itakuwa ofisi ya ardhi.

Kuna vitu viwili vya bondeni ambavyo watu huuziwa huku haviuziki. Cha kwanza ni mikoko. Misitu ya mikoko ya pwani yetu ni hifadhi ya taifa tangu enzi za mkoloni, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mtu akikuonesha mipaka inayoingia kwenye mikoko karibu na mdomo wa mto, akakuambia "hii nayo yangu", anakuuzia mali ya serikali.

Cha pili ni ukanda wa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Piga hesabu. Shamba la ekari 10 lenye upana wa mita 200 kando ya mto lina mita za mraba 12,000 ndani ya ukanda huo, yaani karibu ekari 3. Muuzaji atataka uzilipie ekari zote kumi kwa bei moja. Usikubali. Hizo tatu ndizo zenye matete, mikuyu na ukingo wa udongo wanapochimba ndege, kwa hiyo unazitaka kuliko nyingine zote, lakini sheria imeshazifungia matumizi na bei yake lazima ishuke. Waambie hivyo waziwazi, na wengi wanajua.

Kama si raia, au fedha zinatoka kwa kampuni ambayo hisa zake nyingi zimeshikwa na wageni, simama hapa kwanza uonane na wakili. Mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kutumia jina la rafiki Mtanzania kama kivuli ni njia nzuri ya kupoteza shamba na rafiki. Kwa kikundi cha raia, chombo kinachofaa zaidi kwa maoni yangu ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ardhi inakaa kwa jina la wadhamini, na mwenzenu mmoja akifariki watoto wake hawaji kudai robo ya bwawa.

Hatua ya pili: litazame kutoka juu

Kazi hii unaifanya nyumbani kwa simu au kompyuta na haigharimu kitu. Fungua picha za zamani za eneo kwenye Google Earth, kisha tafuta picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo ni za bure, hupigwa kila baada ya siku chache na zinaonesha vipande vya mita 10. Linganisha Mei na Septemba kwa miaka kadhaa. Unatafuta mambo matatu: maji yanasimama wapi masika yakiisha, yanadumu hadi mwezi gani, na mto umehama kiasi gani.

Ruvu ni mto unaojinyonganyonga. Kwenye kona, ukingo wa nje unaliwa na ule wa ndani unajazwa mchanga. Shamba lililo kona ya nje linapungua kila mafuriko, na bikoni zilizokuwa mita 30 kutoka majini zinaweza kuondoka nazo. Usilikatae kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa kona ya nje ndiyo yenye kuta wima za udongo. Ila jua kwamba unanunua kitu kinachoyeyuka, na mita zile 60 zinahama pamoja na mto.

Angalia pia alama za mto wa zamani: mabaka yaliyopinda, ya kijani kibichi hata katikati ya kiangazi. Hayo ni mabwawa yaliyoachwa mto ulipojikata njia mpya. Shamba lenye bwawa la namna hiyo lina thamani kuliko lenye mita 500 za ukingo mtupu, kwa sababu maji yaliyotulia ndiyo yanayolea kambale, vyura na wadudu, na ndege wanafuata hivyo.

Mwisho, weka alama kwenye barabara na nyaya za umeme. Barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge kuelekea Saadani, Pangani na Tanga inabadilisha bei za upande wote huo. Kilicho porini leo, kesho kutwa ni viwanja.

Hatua ya tatu: maji

Madalali wana msimu wao. Watakupeleka shambani Januari au Februari, majani yamekauka, gari linaingia hadi ukingoni, viatu havichafuki. Nenda, lakini usiamue lolote. Rudi mwishoni mwa masika, Aprili au Mei, hata ikibidi kwa bodaboda na kisha kwa miguu. Rudi tena Septemba au Oktoba kabla ya vuli, mto ukiwa chini kabisa. Mtu asiye na subira ya msimu mmoja mzima asinunue ardhi ya bonde.

Ukienda, zungumza na wazee wa jirani, wasiwe wa upande wa muuzaji. Namna ya kuuliza ina maana yake. Ukimuuliza mtu "Je, hapa panafurika?" atasikia unatafuta kasoro, na kwa heshima ya jirani yake atasema hapana, kidogo tu. Uliza hivi:

"Shikamoo mzee. Mwaka ule wa El Niño mlihamia wapi?"

"Marahaba mwanangu. Upi, huu wa juzi au ule wa tisini na saba?"

Hapo umeshapata mafuriko mawili, ya 1997/98 na ya 2023/24, na atakuonesha kwa mkono: maji yalifika kwenye ule mwembe, mtumbwi ulifungwa hapa, mpunga wa fulani ulikwenda. Piga picha ya kila alama anayokuonesha pamoja na namba za GPS. Mwulize pia maji yalikaa wiki ngapi. Mafuriko ya siku mbili yanasafisha tu. Maji yanayokaa mwezi mzima ndiyo yanayotengeneza makazi.

Kisha chimba. Shimo la sentimita 60 kwa jembe linakuambia historia ambayo hakuna mtu atakayekuambia. Udongo wenye madoa ya rangi ya kutu unaonesha maji hupanda na kushuka. Udongo wa kijivu mtupu, wa kunata, umekaa majini muda mrefu. Ukisikia harufu ya mayai viza, hasa karibu na mikoko, kuwa mwangalifu: udongo huo ukikaushwa kwa mifereji hugeuka tindikali kali na kuua kila kitu bwawani. Yaani shamba hilo uliache kama lilivyo, usije na trekta la kuchimba mabwawa.

Chumvi ni kipimo ambacho wanunuzi wengi hawakifanyi kabisa. Pwani yetu maji hujaa na kupwa kwa mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, na mto ukiwa mdogo bahari hupanda ndani yake. Chagua siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, katika kiangazi, saa ya maji kujaa. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini, na ya mto huelea juu yake. Kwa hiyo kuonja maji ya juu kwa kiganja hakukuambii kitu. Funga jiwe kwenye chupa, ziba mdomo kwa kizibo chenye kamba yake, ishushe hadi chini, vuta kizibo, ngoja mapovu yaishe, pandisha. Onja hiyo. Ukiweza, nunua kipima chumvi kidogo cha mkononi, bei yake si ya kutisha.

Chumvi kidogo si kosa kwa ndege. Vitwitwi na heroe wanaipenda, na mabwawa ya chumvi ya upande wa Saadani ni ushahidi. Kosa ni kununua shamba ukitarajia mayungiyungi na bata maji, kumbe kila kiangazi linapigwa na bahari. Dalili nzuri ni mpunga wa jirani: mpunga huanza kupunguza mavuno udongo ukifika chumvi ya kama desisimensi 3 kwa mita. Ukiona majaruba ya upande wa chini yameachwa na ya juu yanalimwa, mstari wa chumvi unapita katikati.

Sasa tazama juu ya mto. Ruvu inatoka milima ya Uluguru na ndiyo inayonywesha Dar es Salaam, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Oktoba na Novemba 2021 mto ulishuka kiasi cha jiji kuingia kwenye mgao wa maji. Halafu liko Bwawa la Kidunda linalojengwa mkoani Morogoro, lenye uwezo wa kuhifadhi lita bilioni 190. Bwawa la namna hiyo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hupunguza vimo vya mafuriko na huongeza maji ya kiangazi. Kwa jiji ni neema. Kwa shamba lako maana yake ni kwamba sehemu zinazofikiwa na mafuriko makubwa tu zinaweza kubaki kavu miaka mingi mfululizo. Ndiyo maana nakushauri uweke thamani kwenye sehemu za chini kabisa za shamba, zile ambazo masika ya kawaida huzijaza, pamoja na zile zinazolishwa na vijito vya jirani na mvua ya hapohapo. Ile "ekari nzuri ya juu inayozama kwenye El Niño" ihesabu kama ardhi kavu.

Ukikusudia kuchepusha maji ya mto kuingiza bwawani, utahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Uliza ofisini kwao kabla ya kununua kama eneo hilo bado linapewa vibali vya kiangazi, na majirani wa juu yako wana vibali vya kiasi gani. Pampu moja kubwa ya shamba la biashara hapo juu inaweza kukugeuzia hesabu yote.

Hatua ya nne: ndege wenyewe

Hesabu za siku moja hazina maana. Nenda angalau mara nne kwa mwaka: Novemba wageni kutoka Ulaya na Asia wakiwa wameshafika, Januari au Februari wakiwa wametulia, Mei mafuriko yakishuka, na Agosti wakati wa ukavu. Fika kabla jua halijachomoza. Kama shamba liko karibu na bahari, panga saa zako kwa kalenda ya maji, maana maji yakijaa ndege wa matopeni hupoteza pa kulia na hukimbilia majaruba na mabwawa ya chumvi. Shamba linaloonekana tupu maji yakipwa linaweza kujaa saa sita baadaye.

Idadi ya aina isikulevye. Shamba la mchanganyiko lenye miembe na migomba litakupa orodha ndefu ya ndege wa kila mahali. Uliza badala yake nani anazaliana hapa na nani analala hapa, kwa sababu hao ndio watakaopoteza kitu shamba likilimwa.

Tembea ukingo kwa mtumbwi ukitazama kuta za udongo. Mashimo ya mdiria na keremkerem yanajulikana. Ukisogea karibu utaona kama shimo linatumika: chini ya mdomo kuna michirizi miwili sambamba, imesuguliwa na miguu ya ndege anayeingia na kutoka. Shimo lenye utando wa buibui mdomoni limeachwa. Hesabu yenye michirizi tu. Na kama ukuta huo una majembe yaliyoegeshwa na rundo la mchanga juu yake, wachimba mchanga wameshafika, na hilo ni suala la mazungumzo ya bei au la kuondoka.

Mahali pa kulala yangeyange, korongo na kwarara wenyeji wanapafahamu, kwa harufu na kwa majani yaliyopauka chini. Waulize wavuvi wanaotega migono na akina mama wanaokata kuni. Uliza pia kama mti huo ulikuwa ndio uleule miaka mitano iliyopita. Kundi linalohama kila mwaka linafukuzwa na kitu.

Tazama kina cha maji. Vitwitwi wanahitaji tope au maji ya vidole vichache, yangeyange na korongo wanaweza kwenda hadi magotini mwao, bata wanataka yapatayo sentimita 20 au 30, na mdiria na mwari wanataka ya kina zaidi yenye samaki. Shamba lenye mteremko mdogo kutoka ukavu hadi kwenye kina linahudumia wote, na maji yanaposhuka wanahama polepole ndani ya shamba lilelile. Bwawa lenye kingo wima kama karai linahudumia wachache.

Rekodi unazokusanya zitume eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, au kwenye Atlasi ya Ndege ya Tanzania. Siku utakapokwenda halmashauri kuomba matumizi ya uhifadhi, kumbukumbu za miaka miwili zilizokwisha kuwekwa hadharani zina uzito kuliko maneno. Tena zitakusaidia, kwa kuwa bonde hili halimo katika maeneo manne ya Tanzania yaliyo chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, na hakuna atakayekuja kukutetea kwa jina la mkataba huo.

Hatua ya tano: majirani, na hasa kweleakwelea

Hapa ndipo nia njema nyingi za uhifadhi zinapozama. Jirani yako analima mpunga. Mpunga ukianza kubeba, watoto wake wanapanda dungu alfajiri na kuamia ndege hadi jua linazama, kwa makopo, kwa teo, kwa sauti zao. Kweleakwelea wakija, kazi ya miezi minne inaliwa kwa siku kadhaa. Sasa unakuja wewe na gari, unanunua matete ya jirani na kutangaza kwamba unafuga ndege. Fikiria atakavyokusikia.

Kweleakwelea hulala kwa maelfu kwenye matete na vichaka vya miiba. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kununua si geni: je, matete haya yameshawahi kuwa malalo yao? Uliza ofisi ya kilimo ya halmashauri. Yakiwa malalo, serikali inaweza kuyanyunyizia sumu, na dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo katika Afrika, fenthioni, haichagui. Bundi, kipanga na ngojamaliko wanaokula kwelea waliokufa hufa nao. Shughuli hizi kwa sasa zinagusa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Fika kwao ujitambulishe mapema, uwaachie ramani ya shamba na namba ya simu, ili siku ya kunyunyizia ujulishwe.

Chunguza pia sumu za mikononi. Pita kwenye mifereji ya majaruba uokote pakiti na chupa zilizotupwa, usome majina ya dawa. Katika skimu ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji walitumia kabofurani, sumu ya wadudu, kutegea ndege wa majarubani kwa ajili ya kitoweo, na korongo walikufa kwa wingi. Ukiona konokono waliokufa wamepangwa kwenye tuta, hiyo si bahati mbaya, ni chambo chenye sumu.

Kwa uzoefu wa watu wa bondeni, makubaliano yanayofanya kazi ni ya wazi na ya vitu: wewe unalipa waamiaji wa jirani zako wa mpaka msimu wa mpunga kubeba, wao wanaacha sumu. Iandikwe, ipite kwenye serikali ya kijiji. Ingiza gharama hiyo kwenye bajeti kabla ya kununua. Ikikushinda kwenye karatasi, itakushinda zaidi shambani.

Wafugaji nao wana njia zao. Ng'ombe wanaokuja kunywa kiangazi hawakuanza jana, na mtu anayeziba mnyweshwo kwa seng'enge ananunua ugomvi. Tena ng'ombe wachache wanaopita wanasaidia: wanafungua matete na kuacha tope la vitwitwi. Wengi mno wanaliponda. Tafuta njia moja ya upana unaokubalika, iwekwe kwenye ramani. Hali kadhalika njia ya wavuvi na ya akina mama wachota maji. Ukiona njia iliyopigwa kwa miguu hadi mtoni, ihesabu kuwa ina wenyewe, hata kama muuzaji anasema "hao wanapita tu".

Na viboko na mamba wapo. Mlinzi wako atalala wapi, usiku kiboko akitoka kula?

Hatua ya sita: mwenye shamba ni nani, na miti ni ya nani

Nyaraka kwa ufupi. Kama kuna hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa uone jina, masharti, rehani na mazuio. Kama ni hati ya hakimiliki ya kimila, kagua daftari la kijiji. Kama hakuna chochote ila karatasi ya mauziano ya 1994 na sahihi ya mwenyekiti aliyekwisha kufariki, jiandae kwa kazi ya miezi. Pita pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuuliza kama kuna shauri.

Mashamba mengi ya bonde ni ya ukoo. Baba amefariki, kaka mkubwa anauza, dada wako Tanga au Unguja na hawajui. Dai barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, na saini za warithi wote wazima. Mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Usione aibu kuomba haya. Anayekasirika anakuambia kitu.

Kisha liko jambo la kwetu pwani ambalo huwashangaza wanunuzi wa bara: ardhi inaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule. Mtu alipanda kwa ruhusa miaka hamsini iliyopita, na wajukuu wake wanakuja kuangua kila msimu. Hesabu minazi, miembe na mikorosho mmoja mmoja mbele ya mashahidi, uandike ni wa nani. Kwa shamba la ndege huna haja ya kuinunua yote. Andikeni kwamba wanaendelea kuangua, ila hawakati mti wala kupanda mingine.

Makaburi yaheshimu na uyaonyeshe kwenye ramani, na njia ya kuyafikia. Mikuyu mikubwa inayotambikiwa pia. Hiyo mara nyingi imeshalindwa na wenyewe kwa miaka mingi kuliko utakavyoilinda wewe.

Hatua ya saba: bei, masharti na siku ya kulipa

Pima upya. Mpimaji aliyesajiliwa, majirani wote wa mpaka wakiwepo, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji nao. "Ekari kumi za kukadiria" huwa saba.

Kwenye bei, gawa shamba vipande vitatu: ukanda wa mita 60, sehemu inayozama kila masika, na sehemu kavu. Kila kimoja kina bei yake, na cha kavu peke yake ndicho chenye bei ya sokoni. Usitaje ndege wakati wa mazungumzo kana kwamba ni dhahabu, lakini usidanganye ukiulizwa. Kijiji kidogo hakina siri, na utaishi nao. Kuhusu ile "asilimia kumi" inayoombwa unapouziana mbele ya viongozi, uliza inatozwa kwa kifungu gani, na ulipe tu kile kinachotolewa namba ya malipo ya serikali na stakabadhi.

Jambo la kupigania kuliko punguzo la bei ni neno la matumizi. Haki ya kumiliki huja na masharti, na shamba lisiloendelezwa linaweza kufutwa au kugawiwa wengine. Shamba la ndege, kwa macho ya afisa anayepita mara moja kwa mwaka, ni shamba pori. Kwa hiyo omba matumizi ya uhifadhi yaandikwe kwenye hati au kwenye uamuzi wa halmashauri ya kijiji, na yaingie kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Kama mpango haupo, kuchangia gharama za kuuandaa kunaweza kukupa ulinzi mpana kuliko ekari unazonunua, maana unafunika hata matete ya upande wa pili wa uzio wako. Wengine, wakifika hapa, hugundua hawahitaji kununua: kukodi kwa miaka kadhaa au kukubaliana na kijiji kutenga msitu wa hifadhi kunatosha. Ni uamuzi mzuri, hasa kama fedha zenu ni za kununua tu na hakuna za mlinzi, njia za kuzuia moto na waamiaji.

Malipo yapite benki, mkataba uandaliwe na wakili wako, si wa dalali. Lipa kwa awamu: sehemu wakati wa kusaini, sehemu kijiji au ofisi ya ardhi ikiridhia uhamisho, na ya mwisho bikoni zikishasimikwa na mpunga wa mwisho wa muuzaji ukishavunwa. Andikeni tarehe ya mavuno hayo. Muuzaji akiomba msimu mmoja zaidi wa kulima, mkubalie sehemu ya juu, na umwombe mambo mawili: asichome matete, na asinyunyizie kitu.